Kadi Yenye Pembe

Juzijuzi kwenye harusi ya binti wa jirani yangu hapa Mpendae, Bi Zuwena alishika kipaza sauti. Hakuna aliyempa. Alikichukua mwenyewe kutoka kwa yule mwanamke aliyekuwa akiimba, akakipuliza kama mtu anayepoza chai, akasema mbele ya ukumbi mzima kwamba Raya, huyu mnayemwona siku hizi akipima majumba ya Mji Mkongwe na kuyachorea ramani ili yatengenezwe, alisomea nyumbani kwake. "Sisi ndio tuliomsomesha," akasema. "Mumewe, mwanangu, Mungu alimchukua, lakini mke wake hatukumtupa. Tulimpa chumba, tukampa utulivu, akasoma mpaka akafaulu." Watu wakapiga vigelegele. Mie nilikuwa na nyama ya pilau mdomoni. Raya ni mjukuu wangu, nimemlea tangu hajaota meno, na nilikuwepo katika hicho chumba na katika huo utulivu, kwa hiyo nikaanza kuinuka. Mama wa bi harusi akanishika goti. "Bi Mwanakheri, nakuomba, leo si siku yake." Nikakaa. Ile nyama nikaimeza, na mpaka ninapoandika haya naihisi imekaa hapa, chini ya koo.

Watu wakieleza maisha yao huanzia ujanani, eti ndiko mtu anakofinyangwa. Ujana wangu mimi niliumaliza mbele ya moto wa kuni, sina ugomvi nao wala sina cha kuusimulia. Mwaka ulionifinyanga ulinikuta nshakuwa bibi, magoti yashaanza kulia kwenye ngazi, na darasa langu la nne lishaota ukungu. Ni mwaka aliofiwa Raya. Mumewe, Idrisa, alikuwa akifanya kazi hotelini Kendwa, na alfajiri moja akirudi mjini gari ilimpiga na pikipiki yake. Kijana mpole, mwenye aibu hata ya kuomba chumvi. Alimwoa Raya akiwa katikati ya masomo ya kuchora ramani za majumba, masomo ya chuo cha Bara yanayofundishwa kwa intaneti, na badala ya kumwambia aache, alikwenda akaweka kisanduku cha intaneti sebuleni kwa mama yake Mji Mkongwe, ghorofani, akakilipia mwaka mzima. "Asome," akasema, basi. Ndilo neno lake ninalolikumbuka kuliko yote. Alipozikwa, kile kisanduku kiliendelea kuwaka taa zake za kijani huko juu, na Raya akaingia eda katika nyumba ile ile, kama inavyotakiwa: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, vioo vya nyumba vimefunikwa asijitazame, hana hina, hana udi, hana kutoka.

Sasa sikilizeni habari ya hicho chumba alichopewa. Raya na mumewe walikuwa wakilala juu, chumba chenye madirisha mawili yanayotazama kichochoroni, unapata upepo na unasikia muuza kahawa akigonga vikombe. Msiba haujaanuliwa, wanawake bado wamejaa mkekani, Bi Zuwena akaamuru vitu vya mjane vishushwe chini. Akasema juu kutapanda wageni wa kiume kutoa mkono wa tanzia, na mjane lazima asitirike. Wakamsitiri kwenye chumba cha uwani kilichokuwa ghala la karafuu enzi za mababu. Ukutani bado kuna harufu, ukiegemea kanga yako inanuka karafuu na chokaa mbichi. Ukuta wenyewe, mawe matupu, ukiweka mkono wako dirishani kutoka begani mpaka ncha za vidole haufiki nje. Simu humo ndani haishiki mnara, ni kama umeitia kaburini. Dirisha ni moja, lina nondo, linatazama uwani ambako wanapara samaki. Na katika kushusha vitu, laptopu yake iliwekwa juu ya godoro kama mto, godoro likapinda kwenye kona ya ngazi, laptopu ikaporomoka mpaka chini. Ikafunguka, ikawaka, picha zote zimo, michoro yote imo. Kitu kimoja tu kilikufa: haikuweza tena kushika waifai. Kisanduku cha Idrisa kinawaka juu, mkewe yuko chini, na katikati yao hakuna njia.

Nilikuwa nikenda kila siku na hotipoti yangu. Uji wa pilipili manga asubuhi, na mchana muhogo wa nazi au mchuzi wa pweza, kwa sababu chakula cha nyumba ile kilikuwa kikimfikia kimepoa na kimeshachaguliwa. Siku moja namlisha, mlango umerudishwa, nikawasikia Bi Zuwena na shoga zake hapo uwani wanachambua mchele. Mmoja akauliza, "Ati mjane wenu anataka intaneti?" Bi Zuwena akajibu, "Anataka kufanya mtihani. Walimu wanamtazama na yeye anawatazama." "Walimu wanaume?" "Wamo." "Basi vioo tumefunika vya nini, ikiwa yeye ana kioo chake chenye wanaume ndani?" Wakacheka. Kicheko cha watu wanaochambua mchele, cha puani, mikono haisimami. Raya aliendelea kula. Nikamwambia, "Twende zetu Mpendae. Nimemuuliza ustadhi wetu, kasema mjane mwenye dharura anatoka mchana na kurudi, na kusoma hakujaharamishwa na mtu. Utafanyia mtihani kwangu." Akaweka kijiko. "Bibi, nataka nikae eda ya Idrisa, hapa, kwake, mpaka siku ya mwisho. Na nataka mtihani wangu. Vyote viwili ni vyangu. Nikiukosa mtihani, mwaka unakwenda, na hakuna wa kunilipia mwingine." Hakulia. Ningeona afadhali angelia. Alikwishamwomba Bi Zuwena ruhusa ya kushusha waya kutoka ghorofani, akajibiwa kwamba nyumba ile si meli ya kuning'inizwa kamba.

Ndivyo nilivyojikuta Darajani, mwanamke niliyekuwa sijawahi kununua kitu chenye betri zaidi ya tochi, nikichagua kadi ya waifai. Fundi aliitwa Hamadi, mtu mzima mwenye kitambi na miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kwenye paji la uso. Nilimpelekea laptopu kwenye pakacha, nimeifunika kwa kanga. Akaifungua mgongo akanionyesha kadi yake: kijitu kama nusu ya stempu, na vinyuzi viwili vyembamba vimekiunga kama masharubu ya mende. "Hii imekufa, Mama. Nakutilia mpya, ya kisasa, ina kasi, hata Ulaya wanayo hii hii." Akatia. Akabonyeza. Laptopu ikatoa maandishi meupe, ikagoma kabisa kuwaka. Akajikuna. "Ah. Kumbe ni katika zile." "Zile zipi?" "Nyingine zimefungwa kiwandani, Mama. Kadi ikiwa si ya ukoo wake haiipokei, hata iwe nzuri vipi." Nikamwambia laptopu hii imekaa sana kwa Bi Zuwena. Hakunielewa, na mie sikuwa nafanya mzaha.

Akasema basi ninunue ya kuchomeka ubavuni, hizo hazina ukoo, laptopu inazipokea zote. Akazimwaga mezani. Kubwa, ndogo, nyeusi, yenye mkia, isiyo na mkia. Na hapa mkitaka kucheka chekeni, kwa sababu nilichagua kadi kama mtu anavyomchagulia mjane nguo. Sikuuliza inafika wapi. Sikuuliza inapenya nini. Niliuliza, "Ipi haionekani?" Hamadi akanipa moja ndogo kama ukucha wa kidole gumba, ukiichomeka inabaki kichwa tu. Nikaona nimepata. Nikaitia katikati ya kashata, nikaifunga kwenye karatasi, nikapita nayo mbele ya Bi Zuwena nikimwambia, "Nimemletea mtoto kitu kitamu." Raya akaichomeka. Jina la kisanduku cha Idrisa likatokea kwenye kioo, tukashikana mikono, likapotea. Akasogea dirishani, likarudi, likapotea. Akapanda juu ya kigoda, laptopu ameinyanyua kichwani, na ile nguo nyeupe, kama mtu anayeteka maji yasiyofika. Akashuka. "Bibi, umechukua isiyoonekana, siyo?" Nikamwambia ndiyo. "Nayo haioni," akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu maziko.

Nilirudi Darajani kwa miguu na hasira ilinikuta njiani, karibu na wauza vitunguu. Si hasira ya Hamadi. Nilijiuliza nnamficha nani na kwa kosa gani. Huyu mtoto hakuiba. Kafiwa. Anakaa eda vizuri kuliko wengi waliomfunikia vioo, ambao ninawajua, na nawajua eda zao zilivyokuwa. Anataka kusoma kitu alicholipiwa na mumewe kwa jasho lake, kwa kisanduku cha mumewe, katika nyumba ya mumewe. Na mimi bibi yake, badala ya kusimama, nnapitisha vyombo vya kiwandani ndani ya kashata kama mwizi wa karafuu. Dini haikuniambia nifanye hivyo. Ustadhi hakuniambia. Ni ule mdomo wa Bi Zuwena tu, ndio ulioniinamisha. Nilipofika kwa Hamadi nilikuwa sina adabu iliyobaki. "Nieleze," nikamwambia. "Kisanduku kiko ghorofani, mtoto yuko chini, na ukuta ni huu," nikamwekea mkono wangu wote juu ya meza yake, juu ya skrubu zake. "Kipi kinafika?" Ndipo alipovua miwani mmoja akanieleza alichopaswa kunieleza tangu mwanzo. Ati waifai ina mawimbi ya aina mbili. Yako ya mbio, ambayo kila mtu anayataka, nayo yakikuta ukuta wa mawe yanaishia hapo hapo. Na yako ya polepole, ya kizamani, hayo yanapenya na yanakwenda mbali. Akavuta chini ya meza kadi nyeusi yenye pembe ya kunasia mawimbi, ndefu kama kiganja changu, na mkia wa waya. "Hii inashika ya polepole. Lakini kubwa, Mama, mbaya. Watu hawaipendi, inaonekana." Nikamwambia, "Nipe hiyo. Nataka ionekane."

Sikuitia ndani ya kashata. Niliingia nayo mkononi. Nikaifunga mwenyewe kwenye nondo ya dirisha kwa kipande cha kanga yangu, pembe inatazama juu, uwazi wa uwani mpaka ghorofani, na mkia wake ukaingia ndani kwa Raya. Jina la Idrisa likaja likakaa. Mistari miwili tu, lakini ikakaa. Raya akaweka kiganja juu ya kioo cha laptopu akakiacha hapo, na mie nikatoka nje nikajifanya naosha hotipoti. Bi Zuwena alitoka jikoni na bakuli la tui. "Bi Mkwe, hicho nini dirishani kwangu?" "Kadi." "Kadi gani ina pembe?" "Inayofika." Akaitazama, akanitazama. "Kinaonekana kutoka mlangoni. Watu wakiniuliza?" "Waambie mkewe Idrisa anasoma, na ustadhi kasema si haramu." "Ustadhi wako ni wa Mpendae. Nyumba hii ina wenyewe." "Najua," nikamwambia. "Mmoja wao nimemzika juzi." Akaingia jikoni. Tui alilisahau pale ukingoni mwa kisima, paka akalinywa, na paka yule ndiye pekee aliyepata kitu kizuri siku ile katika nyumba ile.

Asubuhi ya mtihani nilifika na uji. Raya amekwisha kaa, amejifunika vizuri, ushungi mweupe, michoro yake imepangwa. Ananitazama lakini macho yako kwingine. "Bibi, imekufa. Pembe haina kosa. Kisanduku ndicho kimezimwa." Nilipanda ngazi zile, ambazo kila moja ina urefu wake, na magoti yangu nikayatukana njia nzima. Sebuleni Bi Zuwena amekaa kwenye kochi, birika la kahawa mbele yake, kisanduku kimefunikwa kitambaa kilichofumwa na plagi imelala sakafuni. "Kinakula umeme," akasema, kabla sijamuuliza. Nikaondoa kitambaa, nikakikunja. Nikachomeka plagi. Taa zikawaka moja moja, za kijani. Kisha nikavuta kiti nikakiweka mbele ya ile soketi, nikakaa. "Utakaa hapo mpaka lini?" "Mpaka mjukuu wangu amalize kusema." "Nyumbani kwangu?" "Nyumbani kwako." Akajimiminia kahawa. Mie hakunimiminia, na ningeimwaga.

Nyumba zile zina tabia moja waliozijenga waliijua: linalosemwa uwani linapanda. Ndiyo maana hakuna siri ndani yake. Tukamsikia Raya akiitwa na sauti ya mwanamume mwenye mafua, akajibu, "Naam, mwalimu." Wakamwambia aeleze kazi yake. Akasema, "Nyumba niliyoichora ni hii niliyomo." Hapo Bi Zuwena akashusha kikombe. Raya akaipitia nyumba yote, mlango, daka la kuingilia, ngazi, boriti za mkoko zilizoliwa na mchwa, ukuta wa magharibi uliovimba unaotaka kushikwa kabla haujaanguka. Alivyokuwa akiisema ungedhani anamsema mzazi wake mgonjwa, hakuna dharau hata kidogo. Kisha akasema, "Chumba cha uwani kilijengwa kuwa ghala. Kina dirisha moja, hewa haizunguki, na unyevu unapanda kutoka chini. Hakifai kulala mtu." Yule mwalimu akapiga chafya. "Lakini kwenye mchoro umeweka kitanda. Mbona mtu analala humo?" Kisanduku kinawaka. Bi Zuwena hakunitazama na mie sikumtazama, sote tunatazama uwazi wa uwani. Mie ningesema. Wallahi ningesema kwa jina na kwa jina la baba. Raya akasema, "Ni kwa sababu ya msiba, mwalimu. Ni kwa muda." Na akaendelea na mifereji ya maji.

Mngetegemea Bi Zuwena hapo alie, au aombe radhi, au anyamaze tu. Alitengeneza mtandio wake, akasema, "Mtoto ana sauti nzuri." Kama amemsikia kwenye redio. Hiyo ndiyo hasira niliyoibeba kushuka nayo ngazi zile, na ndiyo niliyonayo mpaka leo. Si chumba. Si plagi. Ni kwamba alisikia kila neno na lilimpita kama mawimbi ya mbio yanavyogonga ukuta. Raya alifaulu. Alikaa eda yake mpaka siku ya mwisho, akaoga, akavaa rangi, akamshika Bi Zuwena mkono, "Shikamoo Mama, nakwenda," akajibiwa "Marahaba," tukaja zetu Mpendae na mabegi na laptopu na ile pembe. Siku hizi wenye majumba wanamfuata wenyewe.

Sasa nirudi kwenye harusi, maana sijamaliza. Pilau imekwisha, watu wanatafuta viatu mlangoni, nikahisi mtu kanishika kiwiko. Bi Zuwena, na mkongojo. Kumbe miguu imemkataa, ngazi hapandi tena, na wanawe wamemshusha chini. Hakuniambia chumba gani. Nilimuuliza mimi. "Cha uwani," akasema, na akaangalia viatu. Mwanawe aliyeko Maskati humpigia kwa picha kila Ijumaa, lakini simu humo ndani haishiki, na laptopu aliyomletea haikioni kisanduku, bado kiko juu. Hajamwona mjukuu wake mpya. "Ile pembe yako," akasema. "Bado unayo?"

"Ninayo," nikamwambia. "Na nitakuletea mwenyewe, nikufungie dirishani kwa mkono wangu. Lakini ukumbi bado una watu, na kipaza sauti kile pale. Kwanza rudi ukaseme nani alimsomesha Raya." Akasimama. Akatazama ndani, wanawake wanakusanya sahani. Akatazama mkongojo wake. Akasema gari yake imefika.

Raya ananiambia, "Bibi, mpe tu. Mtu mzima, na kile chumba nakijua." Yeye ameshasamehe, na ameshachora dirisha la pili la chumba kile, bure, wanawe Bi Zuwena wakitaka kulitoboa. Mie sikumzuia. Pembe iko juu ya kabati langu, nimeitolea kile kile kipande cha kanga kiwe pamoja nayo, na kila Ijumaa naifuta vumbi. Iko tayari. Ukumbi ule unakodishwa kila wiki, na Mpendae harusi haziishi.